Masale Yaliyokuwa Nyuma ya Bibi Yako

Same, Jumatano usiku

Namkunda mwanangu,

Mambo ya sabuni, ya blanketi, ya kutokuweka pesa zote mahali pamoja, mama yako ameshayamaliza, na ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Sitayagusa.

Kesho nitapanda basi pamoja nawe hadi Makanya. Nimekuambia nina mteja pale. Sina mteja. Nitakupa barua hii wakati nashuka, na nitakuomba usiifungue mpaka basi liondoke. Kwa hiyo, kama unaisoma, nimeshaanza kupanda mlima kwenda kwa shangazi yako Nakijwa, na huna namna ya kunirudisha. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Ningekueleza hapa nyumbani ungenitazama tu, nami ningeahirisha tena kama nilivyozoea.

Juzi uliniuliza, "Baba, shangazi amenikasirikia nini? Mabinti wote wa ukoo wakisafiri anashuka kuwaaga. Mimi hata salamu sijaletewa." Nikakujibu kwamba miguu inamsumbua. Haimsumbui. Wiki iliyopita alionekana amebeba gunia la tangawizi kutoka shambani hadi linapofika gari. Wewe hujamkosea kitu. Aliyemkosea ni mimi, na nilimkosea katika kazi hiyohiyo unayokwenda kuianza Dar, kazi ya kubana picha ili tovuti zifunguke upesi. Nimeona si haki uende kuifanya bila kujua ilichotufanyia.

Unajua jinsi nilivyoingia kwenye picha. Shamba la mkonge lilipouzwa, makarani tuliambiwa tusirudi Jumatatu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, na nchi nzima ilikuwa imejaa watu wenye cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Kiinua mgongo kikawa kamera moja na chumba kimoja karibu na stendi. Miaka ya nyuma yake, wakati hata sukari ilipangiwa foleni, filamu ilikuwa kitu cha kuomba kwa mjomba aliye bandarini. Sasa zilikuwa zinauzwa dukani pembeni ya mitumba, mwenye pesa anajichukulia. Nikapiga picha za vitambulisho, za kipaimara, za maharusi. Baadaye nikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika na skana, na laini ya simu ikafika, nikaweka mashine mbili za intaneti pale mbele. Wewe ulikuwa unafanyia kazi zako za shule kwenye ile ya pembeni.

Ndipo Bwana Eliamani alipokuja, mwenyekiti wa umoja wa watu wa kwetu waishio Dar. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakataa kiti.

"Karani," akaniambia, maana watu wa kwetu mpaka leo wananiita hivyo, "wewe una mkono wa taratibu. Zunguka kule juu, kusanya picha za watu, za zamani na za sasa. Tuziweke kwenye tovuti, walioko mbali waone kwao."

Nilifurahi, sikufichi. Tangu shamba la mkonge liuzwe hakuna aliyekuwa amenipa kazi inayotaka utaratibu.

Picha za kwanza niliziweka kama zilivyotoka kwenye skana, kubwa na nzito. Nikamwita kijana mmoja wa stendi aje afungue ukurasa, bure, nione kama unapendeza. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Likaja paa la kanisa. Tukangoja. Likaja dirisha.

"Mzee," akasema, "hii picha inakuja kwa miguu kutoka Makanya?"

Mwenzake aliyelipia mashine ya pili akaingilia, "Afadhali wewe. Mimi nimemfungua bibi harusi, dakika zangu zimekwisha nimeona shela. Bibi harusi mwenyewe simjui."

Walicheka mpaka wapiga debe wakachungulia. Mimi sikucheka. Niliwaza juu ya watu wetu walioko mbali, wanalipa kwa dakika kama hawa, wanamngoja mama yao atokee, pesa inakwisha amefika kwenye nyusi.

Nikajifunza kubana. Unajua kazi hii kuliko mimi sasa, lakini nataka ujue nilivyoielewa wakati ule. Kwanza unapunguza upana wa picha, maana hakuna haja ya picha kuwa kubwa kuliko kioo kitakachoionyesha. Kisha unashusha ubora. Programu inatafuta vile vitu ambavyo vikiondolewa jicho halitagundua. Majani mia yanayofanana inayafanya kuwa kivuli kimoja. Ukuta wenye nyufa ndogo inaufanya kuwa rangi moja. Uzito unashuka, na mtazamaji haoni tofauti. Nililiona hilo kuwa jambo la busara sana. Jioni nilikuwa naweka mbili ubavu kwa ubavu, nzito na nyepesi, nakagua macho, pua, mdomo. Uso ukiwa mzima, nahifadhi. Bwana Eliamani akapiga simu: "Karani, ukurasa unafunguka kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti!" Niliyaandika maneno yake kwenye shajara yangu, neno kwa neno.

Sasa nifike kwa shangazi yako.

Alikuwa na picha ya bibi yako, ile pekee. Ilipigwa nikiwa bado shule ya msingi, na mpiga picha aliyepanda kutoka mjini msimu wa kiangazi. Bibi amesimama upande wa chini wa nyumba, karibu na mfereji unaotoka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, amevaa kitenge chake kizuri na ameshika jembe, maana alikataa kuliacha. Nyuma yake kuna mstari wa masale, mimea ile ya mpaka yenye majani marefu, kutoka kwenye mfereji hadi kwenye jiwe kubwa. Ng'ambo ya masale ni kwa kina Yohana, mdogo wake Bwana Eliamani. Upande huu ni kwetu, na ukanda huo wa mfereji bibi yako alimpa Nakijwa alipofiwa na mumewe akarudi nyumbani. Mimi, mtoto wa kiume, nilipewa penye nyumba. Shangazi yako alipewa penye maji. Kila mtu aliona sawa wakati huo, kwa sababu tangawizi ilikuwa haijapata bei.

Nilipokwenda kuichukua picha, aliishusha ukutani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Irudi," akasema.

"Itarudi, dada."

Moshi na unyevu wa miaka vilikuwa vimeigandisha kwenye kioo cha fremu. Niliiskani kwanza pamoja na kioo chake, kwa ukubwa wote, na ilitoka vizuri mno. Jani la isale moja moja lingeweza kuhesabiwa. Lakini mimi ni mtu wa kutaka vizuri zaidi. Nikaibandua nikitumia wembe na mvuke wa birika. Uso wa picha ukabaki kwenye kioo, karatasi ikabaki mkononi mwangu nyeupe. Kisha nikajiambia, karatasi ya nini, ipo kwenye kompyuta.

Baada ya siku chache diski ikajaa. Nikabana picha zote kwa pamoja, na nikahifadhi zile nyepesi juu ya zile nzito, nzito zikafutika, ili nipate nafasi. Ya bibi yako ikiwemo. Nilikagua uso wake kama kawaida, ukawa mzima, nikapita. Katika shajara ya siku ile nimeandika kwamba nafasi imepatikana na kwamba kulikuwa na manyunyu. Kuhusu picha ya mama yangu hakuna hata sentensi moja. Na shajara yangu nayo ni kitu cha kubana: kila siku naamua nini kibaki, na kwa miaka yote hii nimekuwa nabakisha yale yanayonionyesha kama mtu wa taratibu.

Shangazi yako nilimpelekea nakala ndogo ndani ya fremu mpya yenye pambo la dhahabu. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Mama yupo," akasema. "Na nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

Akanitazama mimi badala ya picha. "Haya," akasema, akaitundika.

Mwanangu, swali lile nimelijibu kwa kuchelewa sana. Mimi sijawahi kulinda mpaka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kiwanja changu kimeanzia wapi, kwa sababu mimi ni mwanamume na ni mtoto wa pale, basi. Kwangu masale yalikuwa majani tu. Shangazi yako ni mjane aliyerudi kwao. Masale ndiyo yalikuwa yanamsemea. Nilipokuwa nakagua ile picha nilikagua nilichokihitaji mimi. Nilimtafuta mama, nikampata, nikadhani picha imesalimika.

Tangawizi ikapata bei. Malori yakaanza kuifuata hadi kule juu. Asubuhi moja shangazi yako akakuta masale yameng'olewa, na mengine mabichi yamepandwa ndani ya shamba lake, mfereji ukiwa umehamia kwa Yohana. Akampeleka baraza la kata. Hakuwa na wasiwasi. Aliwaambia watu, "Ndugu yangu ana picha. Masale yanaonekana nyuma ya mama."

Nikaikuza ile nyepesi, nikaichapa kwa ukubwa wa daftari. Hapo ndipo nilipoona. Nyuma ya bibi yako kulikuwa na vipande vya kijivu vya mraba, kimoja juu ya kingine. Nikaenda nayo hivyohivyo. Sijui nilitumaini nini.

Mzee aliyekuwa akiongoza baraza aliisogeza karibu na miwani, kisha mbali nayo.

"Huyu ni marehemu, namtambua vizuri. Na hiki nyuma yake?"

"Ni masale, Mzee."

"Masale? Mimi naona ugali umemwagika."

Ukumbi ukacheka. Yohana akainuka kidogo kwenye kiti. "Labda ni moshi wa jikoni, Mzee. Yule mama alikuwa mpishi hodari." Wakacheka tena. Shangazi yako hakugeuza kichwa.

Mzee akaiweka picha mezani. "Karani, tuachane na hii. Wewe umekulia pale. Utuambie kwa mdomo wako: masale yalikuwa wapi?"

Namkunda, mimi ndiye niliyebeba vile vipande vya masale begani. Mwaka mmoja nikiwa mtoto, mengine yalikuwa yamekauka, bibi yako akakata mapya, akaniambia nichimbe mashimo. Pale kwenye jiwe kubwa jembe liligonga mwamba likakatika mpini, nikachapwa. Naujua mstari ule kama ninavyoijua njia ya chooni kwangu. Baba yake Yohana alisimama ng'ambo, akatazama tunavyopanda, na bibi yako akamkaribisha uji.

Nikajibu, "Sina uhakika, Mzee. Ni siku nyingi." Baraza likamwachia Yohana ukanda ule.

Nimejaribu kujitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Nimejiambia kwamba mtu wa taratibu hasemi asichoweza kukionyesha, na mimi kitu cha kuonyesha kilikuwa kimenifia mikononi. Hiyo ni sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni kwamba mwezi ule Bwana Eliamani alikuwa amepita studio, akakuona unapanga kurasa za tovuti kwenye mashine ya pembeni, akasema, "Huyu akimaliza chuo nafasi yake iko, na atakaa kwangu." Hakuniambia nimnyamazie ndugu yake. Hakuhitaji kuniambia.

Nje ya baraza shangazi yako alikuwa anajifunga kitenge kiunoni tayari kwa mlima. Nikaanza kumweleza habari za diski na ubora. Akaningoja nimalize, kwa heshima.

"Baba Namkunda," akasema, "nilikuita wewe. Sikuita picha."

Tangu hapo hajaingia nyumbani kwetu. Mimi nami nimejificha nyuma ya kazi. Ulipopata cheti, tulifurahi. Barua ya kazi ilipokuja, mama yako alipika makande ya sherehe na nikala. Lakini kila hatua uliyopiga niliiona imekanyaga ukanda ule wa mfereji, na wewe hukujua, na ulikuwa na furaha, na mimi nilikuwa nakutazama.

Sasa Yohana ameleta mawe ya msingi. Amepanga kujenga. Katibu wa baraza nilimfuata mwenyewe, nikamuuliza kama mlango umefungwa. Akaniambia, "Aliyesema hana uhakika, akipata uhakika aje aseme. Ila aje kabla nyumba haijasimama." Ijumaa kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva, kila anayetumia maji yale atakuwepo na jembe lake, wazee waliobaki, na Yohana mwenyewe. Nitasema pale kwanza, mbele ya watu wanaojua, nitembee kwenye ule mstari kwa miguu yangu hadi kwenye jiwe. Kisha nitashuka kwenye baraza, niseme tena. Naweza kuchekwa. Wanaweza kuniuliza nilikuwa wapi siku zote, na sitakuwa na jibu zaidi ya hili nililokuandikia. Na shangazi yako anaweza kunifungia mlango nikalala nje, ana haki.

Mama yako nimemwambia leo alasiri. Akasema, "Mtoto umempandisha ngazi, sasa unaivuta akiwa juu?" Ndivyo ilivyo. Bwana Eliamani anaweza kukuondoa nyumbani kwake, na kazi ile aliyokuombea kwa rafiki yake inaweza kuota mbawa. Naogopa, mwanangu. Baadaye kidogo mama yako akarudi, akaweka kipande cha karatasi mezani: jinsi ya kufika kwa mama yako mdogo Temeke. Amesema chumba kina watoto watatu lakini mkeka wa nne utapatikana. Karatasi hiyo nimeiambatanisha hapa.

Sitakuagiza la kufanya ukifika. Nitakuambia tu ambalo mimi ningetamani ningelifanya: ningesema mapema, kwa mdomo, kabla habari haijatangulia. Bwana Eliamani si mtu mbaya. Simu kutoka huku itampata Ijumaa. Wewe utakuwa kwake Alhamisi usiku. Ukimwamkia, ukishajibiwa marahaba, ukikaa, unaweza kumwambia baba yako amekwenda kusema nini, na kwamba ulijua ukiwa njiani. Au unaweza kwenda Temeke moja kwa moja. Lolote utakalochagua, hutalala kwa mtu ukiwa umefichwa kitu juu yake, kama nilivyokulaza mimi miaka hii.

Na kazi yenyewe, kama utaipata au utapata nyingine, ifanye. Usidhani naichukia. Watu bado wanalipa kwa dakika, na mama zao bado wanachelewa kutokea. Bana picha zao. Ila bana nakala, ile nzito iache mahali pake hata kama inakula nafasi. Na kabla hujashusha ubora, muulize mwenye picha, anaangalia wapi. Usoni utaona mwenyewe. Muulize juu ya nyuma.

Nimekukatia kiti cha dirishani, upande wa kushoto. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya kukwepa jua la alasiri. Ukiinua macho sasa, basi likiwa bado halijafika Hedaru, utaona milima yetu, na mstari mwekundu wa barabara ya vumbi unaopanda kutoka Makanya. Niko kwenye mstari huo. Hutaniona, kwa umbali huo mtu na kichaka ni rangi moja. Lakini nipo, nimevaa shati lile jeupe ulilolipiga pasi jana, na ninapanda.

Baba yako